Pedali iliyozama Kitonga: je, Brembo za rafiki ni dawa?

Msomaji wa Iringa ameuliza hivi: "Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, gia za mkono. Breki ni zile zile ilizokuja nazo. Fundi wangu anasema kalipa za mbele (vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) ni za kuteleza, zenye pistoni mbili, na diski ni za milimita 294. Mwezi uliopita nilishuka mteremko wa Kitonga nyuma ya malori, nikiwa na abiria watatu na mizigo. Nilipokaribia chini, pedali ya breki ilizama karibu na sakafu na gari likawa halisimami. Niliokolewa na gia ya pili na breki ya mkono. Baada ya kupumzika kama nusu saa, pedali ilirudi kawaida. Mara mbili kwa mwaka hushiriki mashindano ya kupimana muda, na huko nako breki hulegea kuanzia raundi ya nne. Rafiki yangu ananiuzia kalipa za kampuni ya Brembo zilizotoka kwenye STI, yaani Impreza ya michezo zaidi kuliko yangu, za mbele na za nyuma, pamoja na diski zenye matundu, kwa bei inayokaribia ya bodaboda mpya. Ninunue?"

Ndugu msomaji,

Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuikumbuka gia ya pili, kwa sababu wengi wanaozamiwa na pedali huendelea kuikanyaga tu mpaka wafike wanakofikia. Jibu langu kuhusu Brembo ni kwamba usizinunue kwa sasa. Sisemi kuwa ni breki mbaya. Nimezifunga kwenye magari kadhaa na ninazipenda. Nasema hivyo kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaonyesha ni kitu gani kilichokushinda Kitonga, nacho si kalipa. Ukibadilisha kalipa na kuuacha ugonjwa ndani ya mabomba, pedali itazama tena, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii kalipa zitakuwa nyekundu na zenye maandishi meupe.

Breki inayozidiwa na joto hujieleza kwa njia tatu, na dereva huzisikia kwa unyayo kabla fundi hajafungua tairi. Pedali ikibaki ngumu na juu, lakini gari linaendelea kuteleza kana kwamba diski zimepakwa mafuta, waliochoka ni pedi: joto limepita kiwango ambacho mchanganyiko wake unaweza kustahimili, msuguano umeshuka, na kwa kawaida utasikia harufu kali inayofanana na ya klachi iliyoungua. Pedali ikipigapiga mguuni na usukani ukitetemeka, tazama uso wa diski, na jambo hilo nitalirudia. Pedali ikiwa laini, ikarefuka, na mwishowe ikazama, basi mafuta ya breki yamechemka. Nguvu ya mguu wako hufika kwenye pistoni kwa sababu kimiminika hakikubali kubanwa; mvuke hubanwa kwa urahisi, kwa hiyo unapokanyaga unafinya mapovu na pistoni haisogei inavyotakiwa. Mapovu yakipoa hurudi kuwa kimiminika, pedali hupanda tena, na mwenye gari hudhani kwamba tatizo limekwisha. Nusu saa uliyopumzika, kisha breki ikarudi, ndiyo ushahidi ninaoutegemea.

Hata hivyo, kabla hujagusa kitu kingine chochote, uondoe uwezekano mmoja. Washa injini gari likiwa limesimama mahali tambarare, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani na uishikilie kwa dakika nzima. Pedali ikishuka polepole chini ya mguu wako ilhali hakuna tone lolote linalovuja kwenye magurudumu, mipira ya ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali) imechoka na inapitisha mafuta, na hilo ni tatizo jingine kabisa ambalo halitibiwi na kalipa wala pedi. Ikisimama imara, endelea kusoma.

Mafuta ya breki yanayouzwa sana kwetu yana asili ya glaikoli, nayo hufyonza unyevu wa hewa kupitia hosi za mpira na kupitia kifuniko cha chupa yake, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Viwango vyake, vinavyoandikwa kwenye kopo kwa neno DOT na namba, vinaeleweka vizuri: DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishafyonza maji kufikia asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140; DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji; DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo mafuta ya mashindano ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzijoto 300, ila mengi yake yanataka kubadilishwa mara kwa mara. Tazama pengo lililopo kati ya namba ya kwanza na ya pili, kisha ujiulize mafuta yaliyomo kwenye gari lako yalibadilishwa lini. Nina hakika hujui, kwa sababu karibu kila gari lililotumika linaloingia kwenye karakana yangu mwenyewe hajui, na nikifungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa ya mbele, kinachotoka kwenye mrija wa plastiki ni kitu cheusi kama chai ya rangi iliyolala, chenye vumbi laini linalotua chini ya chupa. Mafuta mapya hufanana na asali nyepesi iliyochanganywa na maji. Rangi peke yake si kipimo cha kutegemea, lakini mafuta meusi hayajawahi kunidanganya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, ni kutoa mafuta yote ya zamani na kuweka DOT 4 mazuri au DOT 5.1 kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Usichanganye namba: DOT 5 bila ile pointi moja ni ya silikoni, hayachanganyiki na ya glaikoli, na hayafai gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) kama lako. Wala usimruhusu mtu yeyote aongeze haidroliki ya usukani kwa hoja kwamba yote ni mafuta; mafuta ya madini huvimbisha mipira ya breki, na baada ya siku chache utanunua masta silinda, mipira ya kalipa na pengine kifaa chote cha ABS. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, msaidizi asikanyage pedali mpaka sakafuni, hasa kwenye gari la umri huu. Ndani ya masta silinda kuna sehemu ambayo mipira haijawahi kuifikia kwa miaka 20, ina kutu na uchafu, na mipira ikipita hapo mara moja tu huchanika. Mimi huweka kipande cha mbao chini ya pedali ili isishuke kupita nusu ya safari yake.

Sasa tuje kwenye chanzo cha joto, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotoshwa na ukubwa wa kalipa. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitoa joto hilo hewani. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojuli 346 hivi. Likiwa kwenye kilomita 160 lina kilojuli 1,383, yaani mara nne, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi. Mteremko nao unaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Kila mita 100 za wima ambazo gari linashuka bila kuongeza kasi huzalisha joto lile lile ambalo lingetokana na kulisimamisha kutoka kilomita 160 kwa saa. Wewe unayejua mashindano hutashangaa nikisema kwamba kusimama mara tano mfululizo kutoka kilomita 160 kutachosha breki yoyote ya kawaida. Lakini dereva huyo huyo hushuka mita 500 za wima akiwa ameegesha mguu juu ya pedali, kwa kilomita 40 kwa saa, nyuma ya lori lenye moshi, akiamini kwamba anaendesha kwa upole. Ukiongeza abiria watatu na mizigo, hata hiyo kilo 1,400 umeshaipita mbali.

Na mwendo wa polepole unadhuru kwa njia nyingine: hewa inayopita kwenye diski ni kidogo. Kwenye mashindano unapiga breki kwa sekunde tatu au nne kisha diski inapata nafasi ya kupumua kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye mteremko mrefu haipati nafasi hiyo. Ndiyo maana dawa ya Kitonga ni gia kabla ya kuwa breki. Ingia kwenye mteremko ukiwa tayari kwenye gia ya tatu au ya pili, uiache injini ishikilie gari, na kila kasi inapopanda kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ishuke chini ya unayoitaka, kisha uachie kabisa. Ukihisi pedali inaanza kurefuka, usisubiri ikuthibitishie. Ukifika chini breki zikiwa za moto, usisimame hapo hapo kununua vitunguu na kuvuta breki ya mkono. Tembea polepole kwenye tambarare kwa kilomita chache, kwa maana gari lililosimama ghafla halina hewa inayopita, na joto la diski huhamia kwenye pedi, kutoka kwenye pedi kwenda kwenye pistoni, na kutoka kwenye pistoni kwenda kwenye mafuta. Mafuta yanaweza kuchemka hata baada ya gari kusimama.

Pedi ndiyo hatua ya pili. Zitoe uzitazame. Ukiona kingo zimegeuka kijivu cheupe na zinamomonyoka ukizikwaruza kwa kucha, au uso wake unang'aa kama kioo, zimeshaungua na hazirudi. Ukienda dukani, geuza pedi utafute maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni au nyuma ya bamba. Kwenye nyingi utakuta herufi mbili mwishoni mwa mstari, kama FF au GG, zinazoeleza kizigeu cha msuguano, yaani pedi inashika kwa kiasi gani, ya kwanza pedi ikiwa ya kawaida na ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FE inakutangazia yenyewe kwamba ikipata moto itapoteza nguvu, hata kama boksi lake limechorwa gari la mashindano. Kwa matumizi yako ningetafuta pedi ya barabara ya kiwango cha juu, kama Ferodo DS2500 au inayolingana nayo, ambayo inashika asubuhi ikiwa baridi na bado inavumilia raundi kadhaa. Pedi halisi ya mashindano usiiweke kwenye gari unalopelekea watoto shuleni. Ikiwa baridi hushika vibaya, hupiga kelele kama kuku anayefukuzwa, na hula diski.

Pedi mpya zinataka kuzoeshwa kwenye diski. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 mara nane au kumi kwa nguvu ya wastani bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika 10 au 15 bila kugusa breki ili zipoe. Lengo ni kupaka tabaka jembamba la pedi kwenye uso wa diski kwa usawa. Ukisimama ukiwa umeikanyaga pedali wakati pedi ni za moto, tabaka hilo hubaki nene mahali pamoja, na baada ya wiki mbili unarudi gereji ukidai diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda. Zina mabaka ya pedi, au ziliwekwa juu ya kitovu chenye kutu bila kusafishwa, na diski inayoyumba kwa zaidi ya milimita 0.075 kwenye gari hili tayari unaisikia mguuni. Pima na unene wake: diski yako ya mbele ilitoka kiwandani na milimita 24, na ikifika 22 imekwisha, hata kama bado inang'aa.

Kuhusu matairi nitasema kwa ufupi, ingawa yanastahili barua yake. Jaribu mahali salama, kwa kilomita 60, na breki zikiwa baridi: kanyaga kwa nguvu zote. ABS ikianza kutetemesha pedali, maana yake breki ulizonazo zinaweza kuzidi nguvu ya mshiko wa tairi, na Brembo haitakupunguzia hata mita moja ya kusimama mara hiyo moja. Itakupunguzia mara ya sita na ya saba, joto likiwa limepanda. Atakayekupunguzia mita ni tairi, kwa hiyo tazama namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwake (huu si ule wa mafuta ya breki), mbili za wiki na mbili za mwaka. Matairi ya mtumba ya miaka kumi yaliyokauka hayana haki ya kukaa mbele ya kalipa ya pistoni nne.

Tuje sasa kwenye seti ya rafiki yako, tuipime kwa haki. Watu huhesabu pistoni kama wanavyohesabu farasi wa injini, wakidhani pistoni nne zina nguvu maradufu ya mbili. Kalipa yako ya kuteleza ina pistoni mbili za milimita 42.8 upande mmoja, na mwili wa kalipa huvuta pedi ya upande wa pili kwa nguvu ile ile. Brembo ya mbele ya STI imetulia haitelezi, ina pistoni mbili kila upande, moja ya milimita 46 na nyingine ya 40. Ukikokotoa eneo la pistoni za upande mmoja, yako inapata kama milimita za mraba 2,877 na Brembo kama 2,919. Tofauti haifiki hata asilimia 2. Kwa maneno mengine, kwa mguu ule ule, nguvu inayobana pedi ni karibu ile ile, na hilo ni jambo jema, kwa sababu safari ya pedali haitabadilika sana na masta silinda yako itaendelea kufaa.

Kinachoongezeka ni vitu vingine. Diski inakuwa ya milimita 326 kwa 30 badala ya 294 kwa 24, kwa hiyo pedi inabana mbali zaidi na kitovu, na nguvu ya kuzuia gurudumu hupanda kwa takriban asilimia 10. Uzito wa chuma nao huongezeka. Tuseme diski ndogo ina kilo 7 na kubwa ina kilo 10, breki za mbele zinabeba asilimia 70 ya kazi, na kilo moja ya chuma cha kusubu inataka takriban nusu kilojuli ili kupanda nyuzi moja: kusimama mara moja kutoka kilomita 160 kutaipandisha diski ndogo karibu nyuzijoto 140, na ile kubwa chini kidogo ya 100. Kwenye mashindano hiyo ni faida ya wazi. Kwenye mteremko mrefu ni faida ya muda tu, kama sufuria kubwa inayochelewa kuchemka lakini moto usipopunguzwa huchemka. Faida nyingine ni ugumu wa mwili wa kalipa, ambao hufanya pedali isikike imara na pedi ilike sawasawa. Hii huisikia kila anayeendesha, na nadhani ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba gari linasimama karibu zaidi kuliko linavyosimama kweli.

Upande wa vikwazo, za mbele hufunga moja kwa moja kwenye nako (kipande kinachobeba kitovu cha gurudumu) ya WRX ya kizazi chako, hapo hakuna shida. Shida ni rimu, kwa sababu Brembo hazikai ndani ya rimu ya inchi 16, na hata za inchi 17 si zote zinazopita. Baadhi zina tundu la kutosha lakini miguu ya rimu hugusa uso wa kalipa. Gari lako lina boliti tano kwenye duara la milimita 100, ilhali STI za kuanzia mwaka 2005 zina duara la 114.3, kwa hiyo uliza seti hiyo imetoka kwenye STI ya mwaka gani kabla hujazungumzia bei, la sivyo diski zake hazitaingia kwenye vitovu vyako. Nyuma kuna mtego ambao nimeuona ukinasa watu zaidi ya mara moja. Breki ya mkono ya gari hili iko ndani ya diski ya nyuma, kama dramu ndogo; ya WRX ina kipenyo cha milimita 170 na ya STI ina 190. Ukiweka diski ya STI bila kubadilisha bamba la nyuma na viatu vyake, breki ya mkono haigusi kitu. Wewe uliyeokolewa na breki hiyo unaelewa uzito wa jambo hili kuliko mimi.

Usijaribu kukwepa hilo kwa kufunga za mbele tu na kusahau kwamba mizani ya gari imebadilika. Ukiongeza nguvu mbele kwa asilimia 10 na nyuma ukaacha vilevile, magurudumu ya mbele yatafika kwenye kikomo mapema, ABS itaingia mapema, na ya nyuma yatafanya kazi ndogo kuliko uwezo wake. Si hatari kama kinyume chake, maana gari ambalo nyuma yake inafunga kwanza hugeuka likatazama lilikotoka, lakini unakuwa umelipia kitu usichokitumia chote. Pedi yenye msuguano wa juu kidogo nyuma husawazisha kiasi fulani.

Kalipa za mtumba zenyewe zichunguze kwa mkono. Miaka michache iliyopita nililetewa jozi iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa, na mwenyewe akajisifu kwamba ni mpya. Nilipoondoa mpira wa vumbi wa pistoni ya kwanza ulivunjika mkononi kama ganda la kitunguu kilichokauka, na nyuma yake kulikuwa na pete ya kutu nyeupe ya alumini iliyokuwa imesukuma mpira mkuu kutoka kwenye mfereji wake. Rangi ilikuwa ya wiki iliyopita, pistoni zilikuwa za miaka mingi. Mbili kati ya nne hazikusogea hata kwa upepo wa kompresa. Kwa hiyo dai kuona kila pistoni ikitoka na kurudi, na ukubali kwamba seti ya mipira mipya kwa kalipa zote nne ni sehemu ya bei. Usishawishiwe pia na vile vifuniko vya plastiki vyenye maandishi ya Brembo vinavyobandikwa juu ya kalipa za kawaida. Hivyo havina kazi isipokuwa kuzuia hewa.

Diski za matundu ningezikataa hata zikitolewa bure. Kila tundu lililotobolewa ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na kwenye diski iliyotumika kwa joto kali utaona nyufa ndogo kama nywele zikitoka kwenye ukingo wa tundu moja kuelekea jingine. Matundu pia yamepunguza chuma, na chuma ndicho kinachobeba joto. Chagua diski laini, au zenye mifereji kama unapenda, zenye jina la kiwanda na unene unaoupima mwenyewe. Ikiwa mapezi ya ndani ya diski yamepinda, angalia upande wa kuifunga: diski ikizunguka kwenda mbele, mapezi yanapaswa kulala kuelekea nyuma ili yasukume hewa kutoka katikati kwenda nje. Mafundi wengi hufuata mwelekeo wa mifereji ya usoni, ambayo haihusiki.

Na ukija kuzifunga siku moja, tazama skrubu za kutolea hewa. Kila kalipa ya Brembo ina mbili, ya ndani na ya nje, na zote lazima ziwe juu. Nimewahi kuitwa kusaidia gari lililotolewa hewa siku nzima bila pedali kupanda, lita mbili za mafuta zikiwa zimekwisha, kumbe kalipa ya kulia imefungwa kushoto na skrubu ziko chini. Hewa hupanda, kwa hiyo ilibaki imekaa juu ya pistoni ikiwatazama.

Kwa raundi zako za mashindano, kabla ya kalipa ningeanza na hewa. Toa taa za ukungu za mbele siku ya mashindano, pitisha kutoka kwenye matundu yake mrija wa kuhimili joto wenye upana wa inchi tatu, na uuelekeze katikati ya diski, mahali mapezi yanapoanzia, wala si kwenye uso wa upande mmoja. Hakikisha haugusi tairi usukani ukikatwa mpaka mwisho. Hosi za mpira za miaka 20 zibadilishe kwa vyovyote, za mpira mpya au za kufumwa kwa waya wa chuma. Hizi za pili huondoa ule ulegevu mdogo wa pedali, ingawa hazipunguzi joto hata nyuzi moja.

Fanya hayo, kisha shiriki mashindano yanayofuata ukiwa na mafuta mapya, pedi nzuri na mirija ya hewa. Ikiwa pedali itabaki imara lakini kufikia raundi ya saba pedi zinaungua tena, hapo diski zako zimefika mwisho wa uwezo wake kweli, nami nitakuunga mkono ununue. Hata hivyo, wakati huo tafuta pia kalipa za pistoni nne zilizofungwa kiwandani kwenye baadhi ya WRX, ambazo hutumia diski hiyo hiyo ya milimita 294 na nyingi huingia ndani ya rimu ya inchi 16. Hazitakuongezea chuma, ila zitakupa ule ugumu wa pedali kwa fedha kidogo. Ukiamua kuchukua za rafiki yako, mwambie unazitaka za mbele peke yake (nyuma utasawazisha kwa pedi, kama nilivyosema), bila diski za matundu, na kwamba atazifungua mbele yako pistoni moja moja. Nenda na rimu yako moja uijaribishe juu ya kalipa kabla ya kutoa fedha, na kama rimu zako ni za inchi 16, mazungumzo hayo yaishie getini.